Kujichoma semaglutide: sindano moja kwa wiki

Ukila, utumbo hutoa homoni ya GLP-1. Hiyo hulichochea kongosho litoe insulini pale sukari inapopanda, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na huupa ubongo habari ya shibe. Homoni ya asili huvunjwavunjwa ndani ya dakika chache. Semaglutide, dawa ya kisukari cha aina ya pili na ya unene, huiiga, ila wiki ikiisha karibu nusu yake bado imo mwilini, kwa hiyo sindano moja kwa wiki yatosha.

Anza na miligramu 0.25 kwa wiki nne. Kiasi hicho hakishushi sukari vya kutosha. Ni cha kulizoesha tumbo tu. Kisha 0.5, na daktari akiona haja, 1 hadi 2. Kwa unene, kwa kawaida ngazi hufika 2.4. Usiongeze kwa haraka: hapo ndipo kichefuchefu na kutapika huwazidi watu wakaiacha dawa.

Kalamu (kichomeo chenye dawa ndani) ikiwa mpya ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigusane na friza. Iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka. Ukishaifungua itumie ndani ya wiki sita, isipite nyuzi 30. Mwambao wakati wa kaskazi, irudishe friji kila mara.

Dawa iwe angavu kama maji. Funga sindano mpya, vua vifuniko vyote viwili (kile kidogo cha ndani husahaulika sana, na dawa haitoki). Kama kalamu ni mpya, jaribu kwanza mpaka tone lionekane nchani. Zungusha kitufe hadi namba ya dozi yako, choma tumboni sentimita 5 kutoka kitovuni, au pajani, na wiki ijayo uhame mahali. Bonyeza hadi namba isome 0, usiachie, hesabu polepole hadi sita, ndipo uchomoe. Ukiwahi kuchomoa, sehemu ya dozi hubaki juu ya ngozi. Toa sindano uitupe kwenye chombo kigumu. Kalamu haiazimwi, hata kwa sindano nyingine, kwani damu huweza kurudi ndani.

Umesahau? Zikiwa hazijapita siku tano, choma. Zikipita, subiri siku yako ya kawaida.

Anayetumia pia insulini au glibenklamidi (vidonge vya kisukari) azungumze na daktari mapema, maana sukari huweza kushuka mno. Haifai kwa mjamzito, wala haichukui nafasi ya insulini kwa kisukari cha aina ya kwanza. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni huenda ni kongosho limevimba: acha dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo.