Abiria Wawili, Si Watatu: Kupanga Safari ya Helikopta Ndogo Kutoka Wilson Hadi Naivasha

Robinson R44 Raven II ina viti vinne, na mteja anayekodi amekwisha kuvihesabu. Anataka aje na wenzake wawili, mikoba yao, waondoke uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, asubuhi, wale chakula cha mchana kwenye hoteli kando ya Ziwa Naivasha, warudi saa saba. Rubani mpya anaangalia uzito wa juu ulioandikwa kwenye kitabu cha ndege, kilo 1,134, anajumlisha, anaona hajavuka, anakubali. Kosa liko hapo. Kilo 1,134 ni kikomo cha mashine. Hewa ya Bonde la Ufa ina kikomo chake, nacho kiko chini zaidi.

Safari ya namna hii hupangwa kinyumenyume. Anza na mahali pagumu kuliko pote, yaani kuondoka kwenye nyasi za hoteli saa saba mchana, ndipo urudi nyuma hadi Wilson.

Hewa kwanza

Weka altimita (kipima kimo) kwenye shinikizo la kawaida, hektopaskali 1013, usome kimo cha shinikizo. Tuseme Wilson imesoma futi 5,500 (uwanja wenyewe uko futi 5,536 juu ya bahari). Joto la kawaida la kimo hicho ni nyuzi 15 ukiondoa 2 kwa kila futi elfu moja: 15 toa 11, zinabaki 4. Kila nyuzi moja inayozidi hapo, ongeza futi 120 kwenye kimo hicho.

Saa moja asubuhi joto likiwa nyuzi 14, zimezidi 10, kwa hiyo ongeza futi 1,200. Helikopta inajihisi iko futi 6,700. Saa saba mchana joto likifika 27, uwanja ule ule umepanda hadi karibu futi 8,260 bila wewe kusogea hata hatua moja.

Naivasha ni mbaya zaidi. Watu hudhani kwa kuwa ni bondeni basi hewa ni nzito, kumbe ziwa lenyewe liko kama futi 6,200. Asubuhi ya nyuzi 12 unapata futi 7,330. Mchana wa nyuzi 27 unapata takriban 9,100.

Sasa linganisha na takwimu za mtengenezaji. Kwa uzito wa juu kabisa, Raven II inaweza kuelea karibu na ardhi hadi futi 8,950 siku ya joto la kawaida. Kuelea juu, mbali na ardhi, ni hadi futi 7,500 tu, tena kwa kilo 1,043. Tofauti ya nambari hizo inatoka kwenye mto wa hewa (mto wa kulalia, si wa maji): ukiwa chini ya urefu wa rafadha moja (yale mapanga yanayozunguka juu ya ndege) kutoka ardhini, hewa unayoisukuma inagonga chini na kukubeba kidogo. Panda juu ya miti na mto umekwisha. Hizi ni takwimu za kukadiria; kabla ya kuondoka fungua chati ya kitabu chako, iwekee joto na kimo cha siku hiyo.

Kilo

Mwulize mgeni uzito wake kwenye simu naye atakutajia uzito wa mwaka juzi. Weka mizani ofisini, apande na viatu, koti, mkoba na kamera yake. Tuseme umepata hivi: ndege tupu yenye vifaa vyake kilo 690, rubani 80, abiria 95, 88 na 72, mikoba 20. Jumla 1,045.

Mafuta. Kutoka Wilson hadi upande wa kusini wa ziwa ni kama maili 40 za baharini, dakika 30 ukijumlisha kuzunguka na kukagua mahali pa kutua. Raven II hunywa takriban lita 57 za avgas (petroli ya ndege) kwa saa. Kwenda lita 29, kurudi 29, akiba ya dakika 20 lita 19, na nyongeza ya asilimia kumi. Karibu lita 85. Lita moja ya avgas ina kilo 0.72, hivyo ni kilo 61. Usijaze matanki yote mawili kwa sababu tu gari la mafuta limekuja; yakijaa ni kama kilo 127, na zile 66 za ziada ni abiria mmoja mwembamba anayekaa bure.

1,045 na 61 ni 1,106. Kwa mujibu wa bamba la ndege uko salama. Ukifika Naivasha umechoma kilo 21, umebaki na 1,085, na ulihitaji 1,043 au chini yake ili uweze kuelea juu ya migunga hata asubuhi ya baridi. Umezidi kilo 42. Mikoba yote ikienda kwa gari bado umezidi 22. Mtoe abiria wa kilo 72, uzito wa kufika ni 1,013, na hesabu imekubali.

Basi ni abiria wawili. Mweleze mteja siku moja kabla, si mbele ya ndege injini ikiwaka. Wakati wa kampeni neno hili huwa gumu, lakini halihitaji hotuba: "Mheshimiwa, hewa ya Naivasha mchana haitatubeba sote. Mlinzi wako atangulie na gari, kwa barabara ni mwendo wa kama saa mbili." Wengi hukubali. Asiyekubali akodi ndege ya turbini.

Jambo moja la mizigo ambalo hupuuzwa. Chini ya kila kiti cha R44 kuna sanduku linalobeba hadi kilo 23, na kiti pamoja na sanduku lake visizidi kilo 136. Kiti hicho kimetengenezwa kibonyee ndege ikigonga ardhi kwa nguvu, ili uti wa mgongo wa aliyekalia usivunjike. Ukijaza humo chupa za mvinyo, betri au tripodi ya chuma, umemwekea abiria nyundo chini ya mgongo. Weka nguo na vitu laini.

Kuinuka Wilson

Inua ndege futi mbili hadi tatu, itulize, usome presha ya manifoldi (kipimo cha nguvu inayotolewa na injini). Linganisha na kikomo kilichoandikwa kwenye kibao mbele yako. Angalia pia mkono wa kulia: kama kijiti (mpini wa kuielekeza ndege) kimevutwa nyuma karibu na mwisho wake ili pua isishuke, uzito umelala mbele mno. Shuka, uwapange upya. Dakika tano za aibu.

Kwenye miinuko, adui wa rubani wa injini ya pistoni ni mkono wake wa kushoto. Gavana (si yule wa kaunti, ni kifaa kinachoshika mizunguko ya injini) hufungua throtoli (mlango wa nguvu ya injini) kadiri unavyoinua koletivu (mpini wa mkono wa kushoto unaoinua ndege). Throtoli ikishafika mwisho, gavana hana tena cha kutoa. Ukiendelea kuinua, mapanga yanaongezewa pembe bila kuongezewa nguvu, mizunguko inashuka, na kwenye asilimia 97 honi inalia. Silika inasema vuta zaidi kwa sababu ndege inazama. Fanya kinyume: shusha koletivu kidogo, zungusha throtoli kuongeza, mizunguko irudi. Kidogo maana yake ni sentimita mbili tatu. Ukiwa futi tatu juu ya lami huna nafasi ya zaidi.

Ukiwa juu ya mteremko wa Bonde la Ufa tarajia hewa ya kutikisa, hasa upepo wa mashariki unapomwagika bondeni. Punguza mwendo hadi noti 60 au 70 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) na ulegeze mkono. Ukirushwa juu, usisukume kijiti mbele ghafla. Rafadha ya R44 ina mapanga mawili yanayobembea. Uzito ukiondoka juu yake ndege hujiviringisha kulia, na rubani akijibu kwa kuvuta kushoto, kitovu cha rafadha kinaweza kuupiga mhimili wake na kuukata. Vuta nyuma polepole kwanza uzito urudi, ndipo unyooshe ndege.

Kukagua nyasi za hoteli

Kabla ya kushuka, pima nguvu ukiwa hewani: ruka sawa kwa noti 55 kwenye kimo kilicho karibu na cha kutua, soma manifoldi, uone umebakiza kiasi gani hadi kikomo. Zunguka mara moja futi 500 juu ya ardhi, ukiwa na abiria mmoja anayekusaidia kutazama.

Upepo utauona ziwani. Ukanda wa maji laini kama kioo karibu na ufuo ndiko upepo unakotoka. Mawimbi yako upande unakoelekea. Mchana upepo wa Naivasha hukaza, na hiyo inaweza kukufaa ukiwa puani mwako.

Nyaya za umeme hazionekani. Tafuta nguzo, halafu chora waya kichwani kati ya nguzo na nguzo, hata kama huuoni. Kisha angalia mashamba ya maua: karatasi za nailoni za nyumba za maua zilizolegea huruka kwenye upepo wa rafadha, na zikinasa kwenye rafadha ya mkia kazi imekwisha. Viti vya plastiki, miavuli, magodoro ya kando ya bwawa, vitambaa vya meza: mpigie meneja jioni iliyotangulia, avitoe mita 50 kutoka pale, amwagie vumbi maji, na aweke mtu mmoja wa kuzuia watoto na mbwa. Mtu huyo asivae kofia.

Ruhusa ya mwenye ardhi unayo kabla hujawasha injini.

Kushuka

Shuka ukielekea upepo. Chini ya noti 30 usishuke kwa kasi inayozidi futi 300 kwa dakika. Ukiizidi huku umeshika nguvu, ndege inaanza kuzama ndani ya upepo wake yenyewe: inatetemeka, kijiti kinakuwa kizito kujibu, na kila ukiinua koletivu ndipo unapozidi kuzama. Njia ya zamani ya kutoka ni kusukuma mbele na kushusha koletivu, lakini inakula kimo. Njia ya rubani wa Uswisi Claude Vuichard inakula kidogo: ongeza nguvu hadi ya kupaa, pedali ya kushoto ishike pua, na wakati huo huo lalisha ndege kulia nyuzi 10 hadi 20 itoke kwa ubavu. Ijaribu na mwalimu juu, si hapa.

Pedali ya kushoto ni ghali. Rafadha ya R44 huzunguka kinyume cha saa, kwa hiyo pua hutaka kwenda kulia, na kila unapoizuia kwa kushoto unaiba nguvu za kuelea. Ukiwa umebanwa na unahitaji kugeuka, geuka kulia, taratibu. Upepo ukikushika kutoka kushoto nyuma pua inaweza kuchomoka kulia yenyewe; pedali ya kushoto yote, kijiti mbele, usisubiri uone kama itaacha.

Penye vumbi usielee. Fuata mteremko hadi ardhini ukiwa bado na mwendo kidogo, wingu la vumbi libaki nyuma ya mlango, uguse huku bado unaona nyasi chini ya mguu wako. Kwenye ardhi laini hakikisha miguu yote miwili imekaa kabla ya kushusha koletivu yote. Na wakati wa kuondoka, kama mguu mmoja umenasa kwenye tope, ndege itageuka kwa kuuzunguka mguu huo; inua polepole mno, na ikianza kulala shusha koletivu mara moja. Kijiti hakitakuokoa.

Abiria hawashuki mpaka rafadha isimame. Hapa si mahali pa haraka, na mkia wa R44 uko kimo cha mtu.

Kuondoka saa saba

Kilo ni zile zile 1,013; hakuna mafuta yaliyoongezwa na hakuna abiria aliyepungua. Kilichobadilika ni hewa, kutoka futi 7,330 hadi 9,100. Kupanda wima juu ya migunga hakupo tena. Kwa hiyo asubuhi, ukiwa bado unatua, ulikwisha kuchagua njia ya kutokea: upande wa ziwa, usio na miti, unaoelekea upepo wa mchana.

Elea futi mbili. Soma manifoldi. Kama throtoli imefika mwisho na honi inakaribia, tua, mtoe abiria mmoja umrudie au arudi kwa gari. Kama kuna akiba, sukuma kijiti mbele kidogo tu, ndege isogee ndani ya mto wake wa hewa bila kupanda. Itazama kidogo, usiinue koletivu kuifuata. Kati ya noti 16 na 24 utahisi mtetemo mfupi na pua ikitaka kuinuka, rafadha imepata hewa safi na ndege imekuwa nyepesi ghafla. Shika pua chini, vuka ufuo, subiri noti 60, ndipo upande.