Jinsi ya kukusanya konokono wa ziwani Mwanza na kuwapima vimelea vya kichocho

Kama uko chuo hapa Mwanza na umepewa mradi wa moluska, usianze kupiga hesabu ya nauli ya Tanga kufuata chaza. Konokono naye ni moluska kama chaza na kome, na hapa ziwani yupo anayesumbua watu kila siku, yule anayebeba kichocho. Vifaa ni vya kawaida tu, kinachoharibu kazi za wengi ni muda wa kupima, hiyo nitaieleza chini.

Barua ya chuo ipeleke serikali ya mtaa na kwa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) ya mwalo husika kabla hujagusa maji, na hapo hapo uliza habari za mamba, wavuvi watakuambia ukweli kuliko ramani yoyote.

Vaa gamubuti ndefu na glavu nzito za kufika kwenye kiwiko, zile nyembamba za hospitali zinachanika kwenye matete dakika ya kwanza. Vimelea hivi vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, na ni suala la dakika chache, kwa hiyo maji yakiingia kwenye buti toka, jifute ukauke, usijifanye komando.

Sasa wapi pa kutafuta. Ukingoni kwenye mafunjo, matete na magugumaji kuna Biomphalaria sudanica, kwenye mchanga ndani ya ziwa lenyewe, hata kwenye kina zaidi, kuna Biomphalaria choanomphala. Hawa wanabeba Schistosoma mansoni, kichocho cha tumbo. Ukitaka kile cha mkojo (Schistosoma haematobium) acha ziwa, nenda bara kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga, huko ndiko aliko Bulinus nasutus, na dimbwi likikauka anaweza kujificha kwenye tope mpaka mvua irudi. Watu wengi wanachanganya hapa wanaenda mwaloni kutafuta Bulinus nasutus halafu wanaandika ripoti kwamba hayupo!

Chota kwa chujio la waya lililofungwa kwenye mpini mrefu, pitisha chini ya majani na juu ya mchanga. Weka muda sawa kila sehemu, mfano mtu mmoja dakika 30, maana bila hivyo huwezi kulinganisha mwalo mmoja na mwingine, na huyo mtu awe yule yule kwa sababu macho ya watu hayafanani.

Kuwatambua anza na mguu. Akiwa na kifuniko kigumu cha kuzibia mlango, kama Bellamya au Melanoides, sio wako. Biomphalaria ni bapa amejizungusha kama kifungo cha koti. Mwenye ncha mshike ncha ikiwa juu na mlango ukikutazama: mlango ukiwa kushoto kwako huyo karibu kila mara ni Bulinus, ukiwa kulia na hana kifuniko yawezekana ni Lymnaea wa minyoo ya maini ya ng'ombe.

Wasafirishe kwenye kopo lenye matundu na majani mabichi yenye unyevu, usiwajaze maji wakakosa hewa njiani. Lebo andika kwa penseli, wino unafutika. Andika mwalo, tarehe, saa, aina ya majani, joto la maji.

Nyumbani au maabara waweke gizani usiku kucha. Asubuhi kila konokono kwenye kikopo chake cha kioo chenye maji kidogo masafi, ya ziwa yaliyochujwa au ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima, klorini inawaua. Halafu watoe kwenye mwanga kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, ila sio jua kali la kuwachemsha. Serkaria (vile vimelea vichanga vinavyotoka kwa konokono na kupenya ngozi) wa kichocho cha watu wanatoka kwa wingi mchana, muda ambao watoto wanaoga na kina mama wanafua, kwa hiyo ukipima jioni ukipata sifuri sio kwamba ziwa ni salama, umechelewa tu.

Weka kikopo juu ya kitu cheusi, angalia kwa lenzi: ukiona vidoti vyeupe vinaogelea chukua tone upeleke kwenye hadubini. Serkaria wa kichocho ni kama nusu milimita na mkia wake umegawanyika pacha mwishoni. Mkia usiogawanyika, huyo ni wa mnyama mwingine. Hata wenye mkia pacha wapo wa ndege na ng'ombe, kwa hiyo usiandike mansoni kwa kuona tu, andika "mkia pacha" halafu sampuli ikapimwe DNA.

Walioonekana hawana kitu usiwatupe. Tangu konokono aambukizwe mpaka aanze kutoa serkaria inachukua kama wiki nne hadi tano, hivyo walishe letusi iliyochemshwa kidogo, warudie baada ya mwezi. Hapa ndipo wavivu wanapopunguza asilimia ya konokono walioambukizwa bila kujua.

Ukimaliza hifadhi konokono kwenye alkoholi asilimia 70, na yale maji ya vikopo chemsha kabla ya kumwaga. Kama ulilowa siku yoyote, kapime choo na mkojo baada ya miezi miwili mitatu, ukipima kesho yake mayai hayataonekana, dawa ni prazikwanteli na dozi inaenda na uzito wako.