Umeumia kazini California na ulikuwa na ulemavu tangu nyumbani? Jinsi ya kuomba fidia ya ziada

Mwongozo huu ni wa wana wa Malindi na Lamu wanaofanya kazi California, na wa jamaa zao waliobaki huku. Nawaandikia pamoja kwa sababu ombi hili halikamiliki upande mmoja. Jeraha limetokea kule, lakini ushahidi wa ulemavu wa zamani mara nyingi uko kwetu, katika faili la hospitali au ndani ya sanduku la mama.

Mtu akiumia kazini California, bima ya mwajiri humtibu na kumlipa. Akiwa alikuwa na ulemavu kabla ya hapo, daktari huugawa: kiasi hiki kimeletwa na ajali, kiasi hiki ni cha zamani. Mwajiri hulipa kiasi chake tu. Aliyedhoofika mguu wa kushoto kwa polio utotoni, kisha akaumia goti la kulia ghalani, hulipwa la hilo goti, ilhali sasa hana mguu wa kuutegemea. Kwa ajili ya watu kama huyo, jimbo lile lilianzisha mfuko maalumu mwaka 1945, ili pia waajiri wasiogope kuwaajiri wenye ulemavu. Kwenye fomu utauona kwa jina la Subsequent Injuries Benefits Trust Fund, au SIBTF. Hapa nitauita mfuko.

Jipime kwanza

Ulemavu wa zamani lazima uwe ulikuwepo kabla ya ajali, na uwe ulikuwa ukikupunguzia uwezo wa kufanya kazi. Chanzo chake si hoja: kuzaliwa nao, maradhi, kuanguka mnazini, ajali ya bodaboda au jeraha la kazi nyingine. Jeraha jipya nalo liwe la kazini na liache ulemavu wa kudumu. Yote mawili yakiunganishwa yafike asilimia 70 au zaidi.

Hapo bado sharti moja, na lina njia mbili. Ya kwanza, jeraha jipya peke yake liwe asilimia 35 au zaidi, kabla ya hesabu kurekebishwa kwa umri na aina ya kazi. Ya pili, ulemavu wa zamani uwe wa mkono, kiganja, mguu, wayo au jicho, na jeraha jipya liwe limepata kiungo hicho hicho cha upande wa pili. Hapo asilimia 5 inatosha. Tuseme mguu wa zamani ni 40 na goti jipya ni 32. Jumla ni 72, umepita. Hiyo 32 haifiki 35, lakini kwa kuwa ni mguu kwa mguu, unaingia kwa njia ya pili. Mwaka 2020 bodi inayoamua kesi hizi ilisema asilimia zijumlishwe moja kwa moja, mradi ulemavu mmoja haujahesabiwa mara mbili.

Kutokuwa na kibali cha kuishi Marekani hakukuondolei haki ya fidia. Sheria ya kazi ya California humlinda mfanyakazi bila kujali hali yake ya uhamiaji.

Kesi ya kawaida ndiyo msingi

Mfuko hauchukui nafasi ya bima ya mwajiri, kwa hivyo anza huko. Mwarifu mwajiri ndani ya siku 30 tangu kuumia. Akishajua, anatakiwa kukupa fomu ya madai, DWC-1, ndani ya siku moja ya kazi. Ijaze, ubaki na nakala. Kwa kawaida una mwaka mmoja wa kufungua kesi kwenye bodi, na kesi hupewa nambari inayoanza na herufi ADJ. Nambari hiyo utaihitaji kila hatua.

Kwa daktari ndipo ninapowasihi sana. Wengi wetu hufika na kusema "nilikuwa mzima kabisa," wakiogopa kwamba wakitaja mguu wa zamani watanyimwa. Ukisema hivyo na ikaandikwa, umeufunga mlango wa mfuko kwa maneno yako mwenyewe. Sema ukweli kwa kinaganaga: ulichechemea tangu lini, ulikuwa huwezi kubeba nini, kazi gani uliacha kwa sababu ya mguu ule. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili. Unayo haki ya kuwa naye kwenye uchunguzi na mbele ya jaji. Usimtumie mwanao mdogo kutafsiri habari za mwili wako.

Ukifika wakati wa kupatana na bima kwa malipo ya mkupuo, hakikisha ripoti za madaktari zimeonyesha wazi asilimia ya jeraha jipya. Mfuko haufungwi na mapatano yako na bima. Utataka uthibitisho wake.

Kazi ya walio nyumbani

Ndugu aliye California aandike barua ya idhini yenye jina la jamaa anayemtuma, aitie sahihi na kuambatisha nakala ya kitambulisho. Rekodi za mgonjwa ni siri. Ofisi ya rekodi ina haki ya kukukatalia ukienda mikono mitupu. Barua ikishafika, nenda pale alipotibiwa, iwe hospitali kuu ya Malindi, King Fahd ya Lamu au zahanati ya kijijini. Usiseme tu "alilazwa zamani." Peleka mwaka, jina la mzazi, na nambari ya kulazwa ikiwa kadi ya zamani bado ipo.

Lisipopatikana faili, usikate tamaa. Tafuta kadi ya kliniki, picha za eksirei, barua ya shule iliyomruhusu kukaa nje ya michezo, kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hata picha ya harusi ya miaka hiyo, akiwa ameegemea gongo, inaweza kumsaidia daktari kuona hali ilivyokuwa. Chenye uzito zaidi ni kile chenye tarehe ya kabla ya ajali.

Kisha tazama majina, maana hapa ndipo wengi hukwama. Kadi ya hospitali imeandikwa Muhamadi Ali, pasipoti inasema Mohamed Ali Omar. Kwa karani wa kule hao ni watu wawili. Nenda kwa wakili aliye kamishna wa viapo, uape hati kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, uitume pamoja na rekodi. Pale saiba, skani kila ukurasa, mbele na nyuma. Picha ya simu iliyopigwa upande, kidole kimefunika tarehe, ni kazi bure.

Na tafadhali, asitafutwe mtu wa "kutengeneza" barua ya hospitali. Kudanganya kwenye madai ya fidia California ni jinai inayoweza kumpeleka ndugu yako jela.

Kuwasilisha ombi

Fomu ya ombi la mfuko huwasilishwa kwenye ofisi ya bodi yenye kesi yako, na nakala kwa mfuko wenyewe. Ambatisha ripoti za jeraha jipya, uamuzi au mapatano kama yapo, na rekodi za zamani. Muda ni miaka 5 tangu tarehe ya kuumia. Usingoje kesi ya kwanza iishe ikiwa miaka hiyo inakaribia kukatika. Wasilisha, rekodi nyingine zifuate. Aliyekuwa hana namna ya kujua ndani ya miaka hiyo kwamba anastahili, mahakama zimekubali aombe ndani ya muda wa kuridhisha baada ya kujua, lakini hilo ni la kupigania.

Ofisi hizo zina maafisa wa habari na usaidizi wanaosaidia bila malipo. Waombe fomu inayotumika sasa. Lakini mfuko hujitetea kwa mawakili wake, kwa hivyo kwa ombi hili ni afadhali uwe na wakili. Ada yake huidhinishwa na jaji na hukatwa kwenye malipo. Anayekudai pesa mkononi kabla ya kazi, achana naye.

Ombi likikubaliwa, mfuko hulipa tofauti kati ya ulemavu wote na ule wa jeraha jipya, na kwa kiwango cha asilimia 70 kwenda juu kuna pensheni ya maisha. Hulipa pesa tu. Matibabu hubaki kwa bima ya mwajiri. Ukiwa uliwahi kulipwa kwa ajili ya ulemavu ule wa zamani, kiasi hicho hukatwa, kwa hivyo kitaje mwenyewe kwenye ombi. Ukihama nyumba, andikia bodi na mfuko anwani mpya wiki hiyo hiyo, kwa sababu barua ya tarehe ya kusikizwa huenda kwenye anwani iliyo katika faili.