Kumwonjesha kantri mtu anayesema ni nyimbo za msiba

Nashona nguo Ng'ambo, hapa Tabora, na kuanzia saa kumi jioni wateja wakipungua huweka kantri, muziki wa Marekani wa gitaa na visa, kibandani. Kila wiki hakosi mtu wa kuniuliza: "Fundi, kuna msiba?"

Siwalaumu. Wengi wetu sauti ya Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, tuliisikia redioni Jumapili asubuhi, au chini ya turubai, tumekaa kwenye viti vya kukodi tukisubiri mwili uletwe. Mtu wa namna hiyo usimwanzie na Jim Reeves hata kama unampenda kama ninavyompenda mimi. Mwanzie nyumbani.

Kwangu mimi nyumbani ni kwa Mwenda Jean Bosco. Alikuwa mpiga gitaa wa Katanga, kusini mwa Kongo, akiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1952 alirekodi "Masanga" kwa gitaa kavu moja tu ambalo ukilisikia utaapa wapigaji ni wawili. Alijiita Mwenda wa Bayeke, na wazee wa hapa jambo hilo ndilo ninalowaambia kwanza, maana Bayeke, kabila la huko Katanga, asili yao ni Msiri na wenzake waliotoka huku Unyamwezi karne ya 19 wakaenda Katanga kufuata shaba na pembe. Mzee akishasikia hivyo huvuta kiti.

Jirani yangu muuza asali ni mpenzi wa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz tangu ujana wake, na kantri alikuwa hataki hata kuisikia. Nilimwekea Bosco, nikamwonyesha kwa vidole vyangu juu ya meza ya kukatia: dole gumba linashika besi kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinacheza wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Wimbo ulipokwisha sikusema neno, nikamwekea Maybelle Carter, mpiga gitaa wa kantri wa Marekani. Mama huyu alirekodi mara ya kwanza Agosti 1927 mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, akiwa na miaka 18 na mimba ya miezi saba, pamoja na binamu yake Sara na A.P., mume wa Sara. Kwake vidole vimebadilishana kazi: dole gumba ndilo linalocheza wimbo kwenye nyuzi nene, na vidole vingine vinakwaruza mdundo. Mzee alinyamaza. Baadaye kidogo nikaona dole gumba lake linagonga kifuniko cha ndoo ya asali, likagonga hadi mwisho wa wimbo. "Binti," akaniambia, "huyu naye atakuwa alipita Katanga."

Baada ya masikio kuna suala la maneno, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kantri ni muziki wa visa. Asiyeelewa kisa anabaki na mlio wa majonzi, naye anadhani ni msiba. Kwa hiyo kabla hujabonyeza, msimulie kwa Kiswahili. Dakika mbili zinatosha, na usimmalizie.

Mwanafunzi wangu wa cherehani ana miaka 19 na moyo wake uko kwenye singeli. Nilimvizia siku tuliyokuwa tunaunga vipande vya vitenge kuwa shuka la mtoto mchanga. Nikamwambia yupo mama mmoja mwimbaji wa kantri, Dolly Parton, aliyezaliwa mwaka 1946 kwenye milima ya Tennessee, mtoto wa nne kati ya kumi na wawili. Kwao walikuwa hohehahe. Mama yake alipata sanduku la matambara, akayaunga kimoja kimoja kuwa koti, na huku anashona akimsimulia mtoto habari za Yusufu na lile vazi lake la rangi nyingi. Mtoto akalivaa kwenda shule anajivuna, wenzake wakamwangusha kwa kicheko. Hapo nikanyamaza, nikaweka "Coat of Many Colors" ya mwaka 1971. Kwenye ubeti wa katikati mguu wa binti ulisimama juu ya pedeli, sindano imezama kwenye kitambaa, naye kashikilia kiraka chekundu mkononi. Nilipomwambia kwamba Dolly aliuandika wimbo ule nyuma ya risiti ya dobi, aliitazama risiti yetu ya vifungo iliyokuwa mezani kwa muda mrefu.

Wapo watakaokukatalia kwa sababu ni muziki wa Wazungu. Waambie habari za banjo. Chombo hicho kilitengenezwa kwanza Marekani na Karibi na watumwa kutoka Afrika Magharibi, kibuyu kilichowambwa ngozi, na mtu aliyewahi kuona zeze hahitaji maelezo marefu. Waambie pia kwamba A.P. Carter alipozunguka vijijini kukusanya nyimbo, alifuatana na mpiga gitaa mweusi, Lesley Riddle: A.P. aliandika maneno, Riddle akahifadhi sauti kichwani. Kijana mwekee Tracy Chapman, mwanamke mweusi wa Marekani, "Fast Car" ya 1988, kisha umwambie kwamba mwaka 2023 wimbo huohuo, baada ya kuimbwa upya na mwimbaji wa kantri Luke Combs, ulimpa Tracy tuzo ya wimbo bora kwenye tuzo za kantri Marekani. Hapo hutahitaji kubishana.

Sasa chombo chako. Sabufa zetu zimetegwa kwa ajili ya besi, na besi humeza gitaa la kantri lote. Ishushe mpaka usikie kucha ikigusa waya. Sauti iwe ya kiasi cha watu kuongea bila kupaza. Weka wimbo mmoja, zima, endelea na mazungumzo. Niliwahi kumwekea mteja nyimbo tisa mfululizo kwa sababu mimi nilikuwa nimenogewa, akahamisha kiti chake nje juani mpaka gauni lilipokwisha. Hajaomba wimbo hadi leo.

Mtu akishakuomba mwenyewe, ndipo umrudishe Jim Reeves. Chagua "He'll Have to Go" ya mwaka 1959, na umweleze kinachoendelea: jamaa yuko baa, amempigia simu mpenzi wake, anamwomba asogeze mdomo karibu na simu, na anajua kabisa kuna mwanamume mwingine amekaa naye pale. Mzee wa asali aliusikia wimbo ule miaka na miaka akidhani ni wa kanisani. Siku hizi akipita jioni na ndoo zake husimama mlangoni kuniuliza kama yule jamaa wa simu yupo.