Usimpelekee msimamizi mada, mpelekee swali

Wenzangu wa uzamili wa uhandisi ujenzi mnaotaka kufanya utafiti wa kujitegemea: “mafuriko ya Mwanza” si swali, ni kichwa cha habari. Swali ni hili: karavati fulani la Mto Mirongo linapitisha maji kiasi gani likijaa mchanga hadi nusu? Hapo msimamizi anaona cha kupima, na wewe unajua kazi inaishia wapi.

Yaandike kwenye ukurasa mmoja: swali, vipimo, utakachokabidhi na tarehe. Tarehe ndizo zinazoangusha wengi. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Kibali cha kupima kikitoka Juni, utakuwa unapima mtaro mkavu mpaka mvua zirudi. Anza kufuatilia vibali mapema, kabla hata ya kujisajili.

Anayechunguza majengo ya ufukweni asitegemee usawa wa ziwa wa mwaka mmoja. Ziwa Victoria lilipanda sana 1964, likarudia 2020.

Na kubalianeni siku maalumu ya kuonana. “Nitakupigia, mwalimu” huwa haipigwi.