Jinsi ya kumtafuta babu aliyekwenda Vita vya Pili na hakurudi

Nyumbani kwetu Machakos tulikua tukiambiwa kwamba babu, babake mama, alipotelea Bama, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar. Nyanya alikufa akiamini hivyo. Nimemtafuta miaka miwili, na kumbe hakuwahi kuikanyaga Bama. Kama na wewe una babu aliyekuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) au wa mizinga, fuata njia hii, usizunguke kama mimi.

Anza nyumbani, na usiulize kwanza alifia wapi. Uliza jina alilokuwa akiitwa kabla ya ubatizo, jina la babake, kijiji chake na chifu wa wakati ule, kisha uliza kama kuna karatasi yoyote iliyobaki. Hapo ndipo nilipokosea. Mama alizaliwa babu akiwa tayari jeshini, hakuwahi kumwona, nami niliogopa kumtonesha kidonda. Nilipothubutu kumuuliza, aliingia ndani bila neno akatoka na kiondo cha nyanya. Chini kabisa, katika kipande cha leso kilichopigwa fundo mara mbili, palikuwa na stakabadhi ya pesa ambazo babu alikuwa akimtumia nyanya. Imechanika kwenye mikunjo na muhuri umefifia, lakini namba yake ya jeshi inasomeka vizuri. Ilikuwa hatua kumi kutoka kitanda ninacholalia nikienda nyumbani.

Hatua ya pili ni kutafuta kwenye tovuti ya CWGC, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Ni bure na simu inatosha. Usimlipe mtu. Mimi nilimpa jamaa mmoja shilingi 15,000 aliyeniahidi kunitolea faili, na sijamwona tena.

Ukiwa na namba ya jeshi, iandike kwenye nafasi yake na uache jina. Kama huna, jiandae kupambana na tahajia. Karani aliandika alivyosikia: Nzioka anaweza kuwa Nsioka, Kyalo akawa Kialo, Mutua akawa Mtuwa. Askari wengi wameandikwa kwa jina moja tu, na pengine jina la baba limekaa mahali pa ukoo. Kwa hiyo andika kipande cha jina, badilisha herufi moja moja, halafu punguza majibu kwa kuchagua kikosi. Usichague nchi wala makaburi mapema. Mimi nilijifungia kwenye makaburi ya Taukkyan, Bama, kwa sababu ndivyo tulivyosimuliwa, nikapekua majina ya huko hadi macho yakauma.

Namba ilileta jibu mara moja. Alikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na tarehe ni 12 Februari 1944. Siku hiyo nyambizi ya Japani iliizamisha meli ya Khedive Ismail karibu na Maldivi, ikiwa njiani kutoka Mombasa kwenda Colombo. Watu zaidi ya 1,200 walikufa. Ukikuta tarehe hiyo, usihangaike kutafuta kaburi. Majina ya mamia ya askari wetu waliozama yako hapa hapa Nairobi, kwenye mnara wa kumbukumbu ulio katika makaburi ya vita ya Ngong Road.

Ukitaka kujua zaidi, nenda Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue. Beba kitambulisho na uende asubuhi. Usiombe faili la babu yako, maana halijapangwa kwa jina lake. Omba mafaili ya DC (mkuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni) wa wilaya yake ya miaka ya vita. Ya Machakos yanaanza na DC/MKS. Humo tafuta barua kuhusu kuandikisha askari, pesa za familia na mali za waliokufa. Shajara za vita za vikosi ziko katika hifadhi ya nyaraka ya Uingereza huko Kew, London, na zile za Bama zimo katika kundi la WO 172.

Usipomwona babu kwenye orodha, usidhani hakwenda. Mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika, hasa wapagazi na askari wa Vita vya Kwanza, hawakuandikwa kwa majina. Iandikie na uambatishe ushahidi ulio nao. Sisi tumetuma nakala ya karatasi ya nyanya, kwa sababu jina la babu limekosewa herufi moja.

Jumamosi nilimpeleka mama Ngong Road. Tulitafuta kikosi kwanza, kisha jina. Alipolipata aliiziba ile herufi kwa kidole, akamwita babake kwa jina lake.