Somo: Kuchagua kompresa ya kubeba kwa kazi za nyumbani na za saiti

Watu wengi wakienda kununua kompresa, yaani mashine ya kubana upepo, huuliza mambo mawili: ina nguvu za farasi ngapi, na mtungi wake ni wa lita ngapi. Muuzaji naye anajibu hayo hayo, na biashara inaisha. Mashine ikifika kazini, bunduki ya rangi inaanza vizuri, lakini kabla mlango mmoja haujaisha rangi inaanza kutoka kwa matone. Mota inanguruma na upepo hautoshi. Nataka kila atakayesoma somo hili aondoke dukani akijua jambo moja kwa hakika: mashine yake inatoa upepo kiasi gani kwa dakika, kwa presha atakayofanyia kazi.

Hatua ya 1: Anza na vifaa vyako

Andika vifaa vyote vya upepo unavyotaka kutumia. Kila kimoja kina mahitaji mawili, presha na kiasi cha upepo. Presha huandikwa kwa bar au psi, na bar 1 ni psi 14.5. Kiasi huandikwa kwa lita kwa dakika au cfm (futi za ujazo kwa dakika), na cfm 1 ni lita 28 na kidogo. Shika namba hizo mbili, utasoma kibao cha mashine yoyote.

Kujaza tairi za gari dogo ni kazi nyepesi: presha ya psi 30 hadi 35, na upepo kidogo. Bunduki ya misumari midogo ya mapambo nayo haina shida, maana inapiga na kupumzika. Ile ya misumari mikubwa ya mbao za paa, ukiipiga mfululizo, inaweza kutaka kama lita 60 kwa dakika. Mashine ya kufungulia nati za magurudumu hutaka lita 110 hadi 140, ila kwa vipindi vifupi. Walafi wa kweli ni msasa wa upepo na bunduki ya rangi: lita 200 hadi 350 kwa dakika, tena bila kupumzika.

Chukua kifaa kinachotumia upepo mwingi kuliko vyote, ongeza karibu theluthi moja, na hilo ndilo lengo lako. Ikiwa mafundi wawili watafanya kazi kwa wakati mmoja, jumlisha vifaa vya wote wawili kabla ya kuongeza hiyo theluthi.

Hatua ya 2: Soma kibao kwa makini

Hapa ndipo wengi hupotea. Kuna upepo ambao pistoni inavuta, na kuna upepo unaotoka kweli. Kwenye kompresa ndogo za pistoni, unaotoka huwa takriban asilimia 60 hadi 75 ya unaovutwa. Mashine iliyoandikwa lita 200 inaweza kukupa lita 130. Kibao kikiwa na namba moja tu bila kutaja presha, ichukulie kuwa ni ya kuvuta. Tena kiasi hupungua kadiri presha inavyopanda, kwa hiyo uliza namba ya bar 6, yaani karibu psi 90, kwa sababu vifaa vingi vya mkono hufanya kazi hapo.

Hatua ya 3: Pima mwenyewe kwa saa

Hatua hii usiiruke hata kama muuzaji ana haraka. Huhitaji kifaa chochote zaidi ya saa ya simu.

Washa mashine hadi ijizime yenyewe. Toa upepo polepole hadi iwake tena. Kama itawaka geji ikiwa juu ya bar 6, endelea kutoa hadi mshale ushuke chini ya 6. Funga kila njia ya kutokea upepo. Mshale ukipita 6 anza kuhesabu, ukifika 8 simamisha. Sasa zidisha lita za mtungi kwa 2, ambayo ni tofauti ya bar, kisha gawanya kwa dakika ulizopata.

Mfano: mtungi wa lita 24, kutoka bar 6 hadi 8, umechukua sekunde 30, yaani nusu dakika. Mara 2 ni 48, gawanya kwa 0.5, unapata lita 96 kwa dakika. Hiyo ndiyo mashine unayonunua, hata kama kibandiko kinasema 180. Rudia mara ya pili, kwa sababu geji ndogo hazisomi kwa usahihi mkubwa.

Hatua ya 4: Usidanganywe na ukubwa wa mtungi

Mtungi hauzalishi upepo. Unauweka tu akiba. Mtungi ule ule wa lita 24 ukishuka kutoka bar 8 hadi 6 umetoa lita 48. Bunduki ya rangi inayotumia lita 200 kwa dakika, ikipewa mashine inayotoa 96, inapungukiwa lita 104 kila dakika. Akiba yote itaisha ndani ya nusu dakika. Ukibadilisha mtungi tu ukaweka wa lita 50, utapata dakika moja, kisha tatizo linarudi pale pale, na sasa mtungi mkubwa unachukua muda mrefu zaidi kujaa.

Kwa misumari na kupuliza vumbi, mtungi mdogo unatosha kabisa. Kwa rangi na msasa, fedha yako iende kwenye pampu, yaani sehemu yenye pistoni inayobana upepo.

Hatua ya 5: Oili au bila oili

Isiyotumia oili ni nyepesi, unaweza kuilaza ndani ya gari, na haina cha kubadilisha. Kwa kawaida hupiga kelele zaidi na huchakaa mapema. Ya oili hudumu ukiitunza, ila lazima isimame sawa ikiwa inafanya kazi, na oili iangaliwe. Kwa fundi anayeiwasha kila siku, mimi napendelea ya oili. Kwa mtu wa nyumbani anayeitumia mara chache, isiyo na oili inatosha.

Zile zinazozungushwa na mota moja kwa moja huenda karibu mizunguko 2,850 kwa dakika kwenye umeme wa Hz 50. Za mkanda huzunguka taratibu zaidi, hupata moto kidogo, lakini ni nzito. Ukipanda ngazi nayo kila asubuhi, uzito huo utauhisi.

Hatua ya 6: Umeme

Nguvu ya farasi 1 ni wati 746. Farasi wengi wanaosifiwa kwenye maboksi ni nguvu ya kilele, ya muda mfupi mno. Angalia wati au ampea kwenye kibao cha mota. Wakati wa kuwaka, mota huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, na ndiyo maana kikata umeme huruka papo hapo. Kwa jenereta, hesabu angalau mara tatu ya wati za mota.

Soketi ikiwa mbali, refusha mpira wa upepo, usirefushe waya. Waya mrefu na mwembamba hushusha volti, na mota inayonyimwa volti huungua.

Hatua ya 7: Kabla ya kulipa

Vuta pete ya valvu ya usalama mtungi ukiwa na presha. Lazima itoe upepo na ifunge. Fungua koki ya chini uone kama inatoa maji. Mashine ikijizima, sikiliza mlio mfupi wa pss: ni upepo uliobaki kwenye bomba la pampu unatolewa ili mota isiwake na mzigo. Mlio ukiendelea bila kukoma, valvu ya kuzuia upepo usirudi haifungi.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, nimepata kompresa ya mtumba, bei nzuri, ila mtungi una kitundu kidogo chini kinachotoa upepo. Naweza kukichomelea?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kutu huanzia ndani, kwenye maji yaliyotuama, na kitundu unachokiona maana yake bati lote la chini limeliwa. Mtungi wa bar 8 ukipasuka unaua. Chukua pampu na mota, tafuta mtungi mwingine ulio mzima.

Swali: Mimi rangi yangu inatoka na vitone vya maji. Kompresa ni mpya kabisa.

Jibu: Si ubovu wa mashine. Upepo ukibanwa, mvuke uliomo hugeuka maji. Toa maji ya mtungi kila siku baada ya kazi, weka kichujio cha maji mwisho wa mpira mrefu, si karibu na pampu, kwa sababu upepo unahitaji kupoa kwanza ndipo maji yajitenge.

Swali: Kile kidogo cha volti 12 cha kwenye gari kinaweza kuendesha bunduki ya misumari?

Jibu: Hakiwezi. Hata kikiandikwa psi 150, kiasi chake ni kidogo sana na hakina mtungi. Ni cha tairi na mipira, tena kipumzishwe kinapopata moto.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina kompresa mbili ndogo za lita 24. Nikiziunganisha nitapata upepo wa kupiga rangi?

Jibu: Marahaba. Ndiyo, kiasi hujumlishwa: 96 na 96 ni 192 kwa bunduki moja. Tumia kiungio cha T na mipira ya upana usiopungua milimita 8. Kila mashine ipewe saketi yake ya umeme, na uwashe ya pili baada ya ya kwanza kushika kasi. Bado chagua bunduki ya rangi ya matumizi madogo, chini ya lita 150, ili zote mbili zipate nafasi ya kupumzika.

Swali: Nataka kutandaza bomba la upepo karakana nzima. Mabomba ya plastiki ya maji, yale ya PVC, yana ubaya gani? Naona yameandikwa bar 10.

Jibu: Hiyo bar 10 ni ya maji. Bomba la PVC likipasuka likiwa na upepo hurusha vipande vyenye makali, na oili ya kompresa pamoja na joto hulidhoofisha mapema. Tumia shaba, alumini au chuma, na uliweke kwa mteremko mdogo kuelekea koki ya kutolea maji.